Kwa nini Waingereza huchemsha mboga hadi zirojeke, na wewe upikeje ukiwa jikoni kwao

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Leicester, Uingereza, na nafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila siku tunachemsha karoti, kabichi, brokoli na vile vikabichi vidogo vya Brussels sprouts mpaka vinalegea kabisa. Maji tunamwaga, tunanyunyiza chumvi kidogo, basi. Nikipendekeza tuunge kwa kitunguu na mafuta kama kwetu, mpishi mkuu ananiambia mafuta yatawamaliza wazee. Nyumbani nako mume wangu kaanza kusema cha kuchemsha ndiyo afya, cha kukaanga ni maradhi. Nani yuko sahihi? Na hawa watu walianzaje kupika hivi? Halafu mama mkwe wangu anakuja kukaa nasi, na figo zake si nzuri. Yeye nimpikieje mboga?"

Jibu:

Marahaba mama, na pole kwa kazi. Nianze na jibu lenyewe, sababu zije baadaye. Kuchemsha mboga hakuna ubaya. Kinachoziharibu ni kuzichemsha kwa muda mrefu ndani ya maji mengi, kuyamwaga maji hayo, kisha kuziacha zikisubiri kwenye joto hadi saa ya kula. Kukaanga nako hakuna ubaya, mradi mafuta yawe ya kijiko na si ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kwa hiyo wewe, mpishi wako na mumeo, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mama mkwe wako ni habari nyingine kabisa, nitamfikia mwishoni.

Kwanza hili la "walianzaje", maana ukilielewa utaweza kuzungumza na mpishi mkuu bila kugombana naye.

Watu wengi, Waingereza wenyewe wakiwemo, wanadhani taifa hilo limepika hivi tangu zama za mababu. Vitabu vyao vya mapishi vinasema vingine. Mwaka 1747 Hannah Glasse alitoa kitabu cha upishi kilichosomwa nchini kote kwa miaka mingi, na humo alilalamika kwamba watu wengi wanaharibu mboga za bustani kwa kuzichemsha kupita kiasi. Mboga za kijani, alisema, ziache zikatike kidogo kwenye meno, la sivyo zinapoteza utamu na uzuri wake. Huyo ni Mwingereza wa karne ya 18, na anafundisha kile ambacho mimi ningekufundisha leo.

Miaka mia moja hivi baadaye, mwaka 1845, mwandishi mwingine aliyeheshimika sana, Eliza Acton, alishika msimamo wa kinyume. Kwake yeye mboga ambayo haikuiva vya kutosha ilikuwa na madhara na ngumu kusagika tumboni, na desturi ya kuipakua ikiwa bado ngumungumu alitaka iachwe kabisa. Zingatia kwamba aliita ni desturi: maana yake hata wakati huo kulikuwa na nyumba zilizopenda mboga isiyolegea. Kisha mwaka 1861 kikaja kitabu kikubwa cha Isabella Beeton, ambacho nyumba nyingi za tabaka la kati zilikifanya mwongozo wao. Humo karoti kubwa zinakaa motoni kwa karibu saa mbili, na maji ya kabichi yanatiwa kipande kidogo cha soda, si ya kunywa bali ile ya jikoni inayofanana na magadi yetu.

Katikati ya vitabu hivyo maisha yalibadilika. Miji ilifumuka. London ilikuwa na watu karibu milioni moja mwaka 1801, na kufikia 1851 walizidi milioni mbili. Mashamba ya mboga yaliyouzunguka mji yalirutubishwa kwa samadi ya farasi na kinyesi cha binadamu kilichozolewa vyooni. Kipindupindu kiliingia nchini mwaka 1831, kikarudi 1848, kikarudi tena miaka ya 1853 na 1854. Ule mlipuko wa mwaka 1854 ndio uliomfanya daktari John Snow aichunguze pampu ya maji ya Broad Street pale Soho na kuonyesha kwamba ugonjwa unasafiri na maji. Lakini madaktari wengi wa siku zile walilaumu hewa chafu, na matunda mabichi na mboga mbichi vilitazamwa kwa wasiwasi. Sisi tuliokulia kwenye nchi ambazo kipindupindu bado kinabisha hodi tunajua hofu hiyo ilivyo. Mama wa London aliyeichemsha kabichi mpaka ikanyamaza alikuwa anawalinda wanawe kwa silaha aliyokuwa nayo, na sioni haki ya kumcheka.

Jiko nalo lilichangia. Majiko ya chuma ya makaa ya mawe yalienea katika karne ya 19, na yaliwashwa kutwa, maana ndiyo pia yaliyopasha maji na nyumba. Sufuria ya mboga ilisogezwa pembeni ya jiko ikaendelea kutokota yenyewe, huku mpishi akishughulika na nyama. Karoti na viazi vya majira ya baridi vilikuwa vimekaa stoo kwa miezi, vigumu, na mara nyingi vilipikwa vizima. Mafuta ya kukaangia mboga, kama ya zeituni kule Italia, nazi kwetu pwani au mawese kule Kongo, hayakuwa ya kawaida jikoni kwao. Walikuwa na siagi na mafuta ya wanyama, na kwa familia ya kibarua hivyo vilikuwa vitu vya kupimwa. Maji yalikuwa rahisi kupatikana kuliko hivyo.

Halafu vikaja vita. Mgawo wa chakula ulianza tarehe 8 Januari 1940 na haukuisha kabisa hadi Julai 1954. Mgao wa siagi ulishuka hadi gramu 57 hivi kwa mtu kwa wiki nzima, na mafuta ya kupikia kiasi kama hicho. Hebu jaribu kuunga mboga za wiki nzima kwa kiasi hicho, wakati huohuo upake mkate na kukaanga mayai. Haiwezekani.

Hapa kuna jambo ninalotaka sana ulijue, kwa sababu ni Waingereza wenyewe waliolisema. Wakati huo wa vita, Wizara yao ya Chakula chini ya Lord Woolton, pamoja na mshauri wake wa sayansi, mwanabiokemia Jack Drummond, ilikuwa ikiwasihi kina mama waache kuzichemsha mboga hadi zife. Vitamini C ilikwisha kutambuliwa kikemia mwanzoni mwa miaka ya 1930, na meli za matunda zilikuwa hazifiki kama zamani, kwa hiyo kabichi na viazi ndivyo vilivyobaki kuibeba nchi. Vipeperushi na vipindi vya asubuhi vya redio vya BBC vilifundisha hivi: kata kabichi nyembamba wakati uko tayari kupika, chemsha maji kidogo tu, tia mboga, funika sana, pika dakika chache, pakua papo hapo, na maji yaliyobaki yaingie kwenye supu au mchuzi. Soda usitie. Sina cha kuongeza hapo. Mpishi mkuu akikuambia unamletea mapishi ya kigeni, mwambie kwa upole kwamba serikali yake iliyafundisha haya wakati wa vita.

Mbona basi hayakushika? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya chakula cha shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilizitaka halmashauri zitoe chakula cha mchana kwa wanafunzi, na shule nyingi hazikuwa na jiko. Chakula kilipikwa kwenye jiko la pamoja, kikajazwa kwenye makontena ya kuhifadhi joto, kikapakiwa kwenye gari na kuzungushwa shule kwa shule. Kabichi iliyoiva saa nne asubuhi ililiwa saa sita na nusu, ikiwa imejipika tena ndani ya chombo chake njia nzima. Mzee wa miaka 85 unayempakulia leo alizaliwa karibu na mwaka 1940. Hiyo ndiyo mboga aliyolelewa nayo. Wapo watakaokuambia ni tamu kwa sababu inawakumbusha utoto, na wapo watakaoisukuma pembeni kwa sababu hiyohiyo. Waulize mmoja mmoja. Utashangaa ni wangapi wataomba siagi na pilipili manga.

Nisiwaonee pia. Wana mboga ambazo hawakuwahi kuziua: liki, jamii ya vitunguu, zilizolainishwa kwa siagi, parsnipi, mizizi kama karoti nyeupe, zilizookwa kwenye oveni hadi zikashika rangi ya dhahabu, na vile viporo vya kabichi na viazi vinavyopondwa na kukaangwa asubuhi yake, chakula kizuri sana. Njegere zao kavu zinazolowekwa usiku kucha kwenye maji ya soda na kuchemshwa hadi zisagike ni pishi lenye makusudi, huwezi kulihesabu kama mboga iliyosahaulika motoni. Na tangu miaka ya 1950 jiko lao limefunguka, kwanza kwa waandishi kama Elizabeth David waliowaonyesha mapishi ya Mediterania, kisha kwa wageni waliohamia. Mji wako ni ushahidi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja. Leo ukipita Belgrave Road unapata bamia, bilinganya, mihogo na majani ya kila aina, vinavyouzwa na familia ambazo baadhi ya wazee wao bado wanazungumza Kiswahili. Nina hakika baadhi ya wazee unaowahudumia wameishi jirani na harufu ya kitunguu na binzari kwa miaka hamsini.

Sasa twende kwenye sufuria yenyewe. Simama kando ya kabichi inayochemka utazame.

Dakika ya kwanza na ya pili rangi inakolea, kijani kinang'aa kuliko kilivyokuwa kwenye jani bichi, kwa sababu hewa iliyokuwa katikati ya seli imetoka. Jani likiendelea kuiva, kuta za seli zinapasuka na tindikali za mboga yenyewe zinaachiliwa. Tindikali hizo zinaing'oa magnesi iliyo katikati ya klorofili, ile kemikali inayotia kijani, na dakika saba hivi zikipita unaanza kuona rangi ya khaki inaingia. Wakati huohuo harufu inabadilika. Kabichi, brokoli, koliflawa na Brussels sprouts ni ukoo mmoja, na ukoo huo umebeba kemikali zenye salfa. Zikikaa motoni zinavunjika na kutoa gesi ileile inayonuka kwenye yai viza, na baada ya dakika ya tano gesi hiyo inaongezeka kwa kasi. Harufu ya korido za hospitali na shule za zamani ndiyo hiyo. Kabichi iliyopikwa dakika nne haina harufu hiyo, ina utamu.

Soda ambayo Bi Beeton aliitia ilizuia rangi isife, maana inaua tindikali. Lakini pia inaziyeyusha kuta za seli, ndiyo maana mboga inakuwa laini kama uji, na inaangamiza vitamini C na vitamini B1. Hapa na sisi tujitazame. Kwetu magadi yanatiwa kwenye majani ya kunde, kwenye mlenda, kwenye kisamvu na kwenye maharage, na kazi yake ni ileile ya soda ya Bi Beeton, faida ileile ya ulaini na hasara ileile ya vitamini. Ukinitaka nimlaumu Mwingereza kwa soda yake, itanibidi nianzie nyumbani.

Vitamini zinazoyeyuka kwenye maji ndizo zinazoathirika zaidi na kuchemsha: vitamini C na foleti hasa. Kwa majani na brokoli, kuchemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga kunaweza kukupotezea nusu au zaidi. Sehemu ya hiyo imeharibiwa na joto, lakini sehemu kubwa imehamia tu kwenye maji, na wewe umeimwaga kwenye sinki. Zile kemikali zenye salfa nilizozitaja, ambazo wanasayansi wanazipenda kwa faida zake mwilini, nazo zinafuata maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, hapo jirani yako, walizipima mwaka 2007: mboga za ukoo wa kabichi zilizochemshwa nusu saa zilipoteza zaidi ya nusu ya kemikali hizo, ilhali zilizopikwa kwa mvuke, kwenye maikrowevu au kukaangwa haraka hazikupoteza kiasi cha kutajika.

Lakini usije ukatoka hapa ukasema moto ni adui. Karoti iliyopikwa inaupa mwili karotini, ile inayogeuzwa kuwa vitamini A, kwa urahisi zaidi kuliko karoti mbichi, kwa sababu moto umezifungua seli. Na karotini inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mboga isiyo na tone la mafuta, ikiliwa katika mlo usio na mafuta mengine, inapita na sehemu kubwa ya hazina yake. Hapo ndipo mchicha wa nazi unapoipita kabichi tupu ya kuchemsha, na hapo mume wako amekosea. Spinachi na mchicha vina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kujenga mawe ya figo, na kuchemsha na kumwaga maji kunazipunguza sana, jambo jema kwa mtu mwenye historia ya mawe ya figo. Kisamvu lazima kitwangwe na kichemshwe vya kutosha kutoa sumu ya sianidi. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi. Ukinipa kisamvu kilichopikwa dakika nne kwa jina la vitamini, sili.

Kwa hiyo, maji mengi au maji kidogo? Wapishi wa hoteli za Kifaransa wanatumia sufuria kubwa ya maji yenye chumvi yanayotibuka, bila mfuniko, dakika mbili tatu. Wanafanya hivyo kwa ajili ya rangi: maji mengi yanazimua tindikali, na mfuniko ukiwa wazi baadhi ya tindikali hizo zinatoka na mvuke. Kwa muda mfupi hivyo hasara ni ndogo. Mimi kwa jiko la nyumbani na kwa jiko lenu nachagua maji kidogo na mfuniko, kwa sababu maji yenyewe yanaliwa.

Fanya hivi na kabichi. Osha majani kwanza, ndipo ukate, nyembamba. Sisi wa sukuma wiki tunapenda kukata kisha kuosha na kukamua, na tunakuwa tumeanza kumwaga vitamini kabla hata jiko halijawaka. Weka maji ya kina cha vidole viwili kwenye sufuria pana, yachemke hasa, tia chumvi kidogo na kabichi yote, funika. Baada ya dakika mbili geuza kwa mwiko. Dakika ya nne au ya tano onja. Maji yatakuwa yamebaki kidogo chini. Yamimine kwenye mchuzi wa nyama unaotengenezwa pembeni, maana Waingereza hawali nyama ya kuoka bila mchuzi huo. Tia kipande cha siagi na pilipili manga, peleka mezani. Brussels sprouts zikate katikati badala ya kuzichanja msalaba kwenye kitako kama walivyozoea. Msalaba unaingiza maji ndani na kuzifanya zirojeke. Zikikatwa katikati zinaiva kwa dakika tano au sita. Mboga za kugandishwa zilikwisha pitishwa kwenye maji ya moto kiwandani, kwa hiyo zinahitaji dakika chache tu, ila ufuate maelekezo ya pakiti na uhakikishe zimepata moto hadi ndani.

Sasa, jiko lako ni la wazee, na hapa mpishi mkuu ana hoja ambayo lazima uiheshimu. Mzee mwenye shida ya kumeza anaweza kukwama koo kwa kipande cha brokoli ambacho wewe unakiita kizuri. Tangu mwaka 2019 Uingereza inatumia viwango vya kimataifa vya IDDSI, vinavyopanga ulaini wa chakula cha watu wenye shida ya kumeza, ambavyo bila shaka umeviona ukutani jikoni: cha 4 ni chakula kilichosagwa laini, cha 5 kimekatwakatwa sana na kina unyevu, vipande vya milimita 4 kwa mtu mzima, na cha 6 ni laini, vipande visivyozidi sentimita moja na nusu. Hivyo havijadiliwi na mpishi, vinapangwa na mtaalamu wa usemi na kumeza, na wewe unavifuata.

Ila ulaini unaweza kuupata kwa kisu badala ya kuupata kwa saa. Karoti iliyokatwa vipande vidogo inafikia ulaini wa kiwango cha 6 mapema sana kuliko karoti nzima, na inafika ikiwa bado na rangi na ladha. Ipime kwa uma: bonyeza kipande mpaka ukucha wa kidole gumba ugeuke mweupe. Kikipondeka na kisirudi kwenye umbo lake, kimefaa. Moto zaidi ya hapo haumsaidii mzee yeyote. Na kwa wale wa kiwango cha 4, saga mboga kwa maji yake ya kuchemshia badala ya maji ya bomba, umerudisha sehemu kubwa ya kilichotoka, ila rojo ya mwisho iwe nzito kama ilivyopangwa.

Jambo la pili ni kusubiri. Sheria inawataka muweke chakula cha moto kwenye nyuzi 63 au zaidi, na ni sahihi, lakini kabichi ikikaa saa nzima kwenye nyuzi hizo inaendelea kupikika na vitamini C inaendelea kupungua. Mwombe mpishi mpike mboga kwa mafungu mawili, fungu la pili liingie motoni wakati la kwanza linapakuliwa. Kama mna oveni ya mvuke, na majiko mengi ya taasisi wanazo, kazi hiyo ni nyepesi kabisa. Kwa maoni yangu, badiliko hili peke yake litawafaa wazee wako kuliko ugomvi wote wa kuchemsha na kukaanga.

Na hayo mafuta "yatakayowamaliza wazee"? Kijiko kikubwa cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Ukiungia mboga ya watu wanne, kila mmoja amepata 30, na amepata njia ya kuifyonza karotini yake. Katika nyumba za wazee hatari unayoikuta mara nyingi ni wembamba: mtu anakula kidogo, uzito unashuka mwezi hadi mwezi. Kwa hao, wataalamu wa lishe wa Uingereza wenyewe wanashauri chakula kiongezwe siagi, krimu au jibini ili kila kijiko kibebe nguvu zaidi. Angalia mpango wa kila mkazi. Aliyeambiwa apunguze mafuta, mpunguzie. Anayekonda, siagi kwenye kabichi yake ni sehemu ya matibabu.

Ukitaka kuunga, anza taratibu. Kitunguu kimoja kilainike kwenye kijiko cha mafuta ya rapa, ambayo ndiyo yanayojaza chupa nyingi za mafuta ya kupikia huko, tia kabichi iliyokatwa nyembamba, maji vijiko viwili, funika dakika tano. Usitie pilipili, usitie binzari siku ya kwanza. Mpe mpishi mkuu aonje kabla hujampa mtu mwingine yeyote. Nyumbani kwako, mume wako umpe ileile, na chupa ya mafuta ikae kabatini baada ya kijiko hicho. Kinacholeta maradhi anayoyaogopa ni ile mboga inayoelea kwenye mafuta, na hiyo tunayo kwetu, tusifiche.

Sasa mama mkwe. Figo zikichoka, madini ya potasiamu yanaweza kurundikana kwenye damu, na yakizidi yanauvuruga mwendo wa moyo. Potasiamu inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo, kama daktari amesema potasiamu yake ipunguzwe, karibu kila nililokuambia hapo juu kuhusu maji unaligeuza. Menya viazi, mihogo na karoti, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yote, na usiyatumie kwenye mchuzi wala supu yake. Mboga za majani vilevile, zichemshe na kuzichuja kabla ya kuziunga. Usimpikie kwa mvuke wala maikrowevu, maana potasiamu inabaki ndani. Kabichi ya kuchemsha ya kizamani, ile unayoilalamikia, ndiyo inayomfaa. Magadi usitie, yana sodiamu nyingi. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya watu wa presha usinunue, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Lakini si kila mwenye figo dhaifu anahitaji kubanwa hivyo. Inategemea vipimo vyake vya damu, na kumnyima mboga bila sababu kunamdhoofisha. Akishajiandikisha kwa daktari huko, ombeni apelekwe kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki ya figo, na wewe uende naye. Mtajie mchicha, kisamvu, bamia, ndizi za kupika na tui la nazi, kila kimoja na kiasi anachokula kwa wiki, kwa sababu asipojua kwamba vinaliwa nyumbani kwenu hataviweka kwenye hesabu.